Sikio la Kuazima

Binti wa fundi pikipiki alikuwa na kazi ambayo watoto wengine wa mtaa hawakuwa nayo. Akitoka shule alivua sare, akaitundika msumarini, akala alichofunikiwa jikoni, kisha akaenda gereji ya baba yake kusikiliza. Usicheke, kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kusikiliza.

Baba yake alikuwa fundi wa miaka mingi, na injini zilikuwa zimemla masikio. Ujanani alizivumisha kutwa nzima bila kuziba masikio hata kwa kipande cha pamba, na kila aliyemwonya alijibiwa kwamba fundi anayeogopa kelele akauze maua. Kwanza zikapotea sauti za ndege, halafu kengele ya shule, mwisho maneno ya watu. Sasa alisoma midomo. Kiganja chake akikiweka juu ya tangi kilimwambia kwamba injini inawaka, ila hakikumwambia inawaka vipi. Hilo alimwachia binti yake.

Walikuwa na ishara zao. Kidole gumba juu, maana yake injini inaimba vizuri. Ngumi inayofunguka na kufumba, inapiga chafya, haipati mafuta ya kutosha. Mkono kooni, inakabwa na mafuta mengi. Pale ishara zilipokwisha, binti alimkabili baba yake uso kwa uso na kupaza sauti kwa nguvu zake zote, ndiyo maana watoto wa mtaa wakamwita Kipaza. Jina likashika, hata mwalimu siku moja alijisahau akamwita hivyo darasani.

Jioni, walipokaribia nyumbani, baba alikuwa na swali lake la kila siku. "Mamako anaimba?"

Zamani mama hakufua hata leso bila wimbo, na majirani walijua siku yake ya kufua kabla hawajaona kamba ya nguo. Kipaza alimtazama mama yake akiwa ameinamia beseni, kimya, akainua kidole gumba. Baba akatabasamu. Ni uongo mdogo wa kumfurahisha mzee, na Kipaza alidhani haumdhuru mtu.

Siku moja akaja daktari wa mifugo, mama wa makamo asiyevua mabuti yake ya mpira. Ndiye aliyezunguka milima yote ya upande ule kutibu ng'ombe na mbuzi. Pikipiki yake ilikuwa imewekewa ekzosi mpya, pana kuliko ile iliyooza, na tangu hapo ikawa inakosa nguvu mlimani.

"Inataka jeti nyingine," fundi alisema, akachana pakiti ndogo ya nailoni.

Jeti ni kipande cha shaba, kidogo kuliko punje ya hindi, chenye tundu jembamba katikati. Hukaa ndani ya kabureta, na petroli inayokwenda kwenye injini hupitia hapo. Ndani ya pakiti zilikuwamo sita, kila moja na namba yake. Namba ikiwa kubwa, tundu ni pana. Kwa macho zilifanana kama mapacha.

Fundi akafunga ya kwanza, akampakia binti yake nyuma, wakaujaribu mlima ulio karibu na gereji. Ikapiga chafya. Kipaza akamgonga baba begani, akamwonyesha ngumi. Wakarudi, akafunga ya pili. Chafya tena.

Pale gereji alikuwepo dereva mmoja anayengoja kuzibiwa pancha. Alisema kwa sauti ya chini, huku akimtazama fundi, "Injini kwa kiziwi ni kioo kwa kipofu." Fundi hakusikia, lakini midomo aliiona. Aliinama juu ya kabureta, na bisibisi ikamponyoka mara mbili.

Kwa jeti ya tatu pikipiki ilipanda vizuri. Ilipofika penye mwinuko mkali, Kipaza alisikia ile chafya, ndogo, ya mbali, lakini alisikia. Baba akageuza uso.

"Inasemaje?"

Jasho lilikuwa linamchuruzika mashavuni, na macho yake yalikuwa yanaomba. Kipaza akainua kidole gumba.

"Nilitaka kuifungua plagi nitazame kwa rangi yake kama mafuta yanatosha," fundi alisema walipoteremka. "Lakini sikio lako likiridhika, mimi ni nani?" Daktari naye alikuwa mbioni, kwa kuwa alikuwa ameitwa kwa mjane mmoja huko milimani, ambaye ng'ombe wake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri na ndama hatoki. Akadaka ufunguo, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake jioni pikipiki ilirudi juu ya mkokoteni. Daktari alikuja nyuma yake kwa miguu, mabuti yamejaa tope. Injini ilikuwa imechemka katikati ya mlima mpaka pistoni ikakwama, na sehemu iliyobaki aliitembea.

"Ndama amepona," alisema polepole, ili fundi amsome midomo. "Mama yake hakunisubiri. Na yule mjane hakusema neno. Afadhali angenitukana."

Fundi akafungua plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki, rangi ya injini iliyoungua kwa kukosa mafuta. Aliishika kwa muda mrefu.

"Jeti ilikuwa nyembamba, daktari. Kosa ni langu. Nitakutengenezea, ikishapona naifunga gereji. Nimekwisha mimi."

Kipaza alitoka nje akaegemea ukuta. Rafiki yake, binti wa mshonaji, ambaye alikuwa ameyasikia yote kupitia matundu ya bati, akaja kusimama naye.

"Nyamaza tu," alimnong'oneza. "Nani atajua? Masikio yalikuwa yako peke yako."

Maneno yale yalikuwa matamu kuyasikia, na kama angeishia hapo kungekuwa na amani ya uongo. Lakini Kipaza alichungulia ndani. Baba yake alikuwa anapangusa spana moja moja kwa mafuta na kuzifunga kwenye kitambaa kuukuu, namna watu wanavyofunga nguo za marehemu. Spana zile zilimlisha Kipaza tangu hajaota meno. Moyo ulimuuma hasa. Akaingia, akasimama mbele ya baba yake mahali penye mwanga.

"Baba, nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Chafya. Kule kwenye mwinuko. Nikainua kidole gumba." Sauti haikutoka, midomo ndiyo iliyotembea, na kwa baba yake hiyo ilitosha.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umekosea mara mbili. Na yule dereva alikuwa amekusema. Sikutaka uumie tena."

Fundi akaketi juu ya tairi kuukuu. Kipaza alingoja kofi, tena angelipokea kwa mikono miwili. Halikuja. Baba yake alifuta macho kwa upande wa mkono usio na mafuta.

"Mwanangu," alisema, "kukosea jeti si aibu. Unadhani kwa nini pakiti ina jeti sita? Unakosea, unaambiwa, unabadilisha. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umenichelea mimi nisilie, aliyelia ni mjane. Masikio yangu yamekufa, nikaazima yako. Ukiniambia ninachopenda badala ya unachosikia, nimekuwa kiziwi mara ya pili, na safari hii hata sijijui. Huruma nzuri ni ile inayosema kweli, halafu inabaki hapo kunisaidia."

Wakaenda pamoja nyumbani kwa daktari. Kipaza alieleza mwenyewe, huku anatazama mabuti yale.

"Hata ningefika mapema, sijui kama ningemwokoa," daktari alisema. "Mimi sijui, na wewe hutajua maisha yako yote. Huo ndio mzigo wako, wala siwezi kukutua. Ila kule kwa mjane kuna ndama asiye na mama. Anataka mtu wa kumshikia chupa ya maziwa."

Basi kila siku isiyo ya shule Kipaza alipanda mlima, akamshikia ndama chupa. Mjane alimwonyesha namna ya kuinamisha chupa ili ndama asipaliwe. Mengine hawakuongea sana.

Fundi aliweka pistoni mpya, akafunga jeti ya nne. Kwenye mwinuko Kipaza akamgonga begani, ngumi ikafunguka na kufumba. Fundi hakununa. Alirudi, akafunga ya tano, na safari hii injini ikaimba mpaka kileleni. Hata hivyo aliifungua plagi akaitazama. Ilikuwa ya kahawia, rangi ya tofali lililoiva. Sikio na plagi vilisema neno moja. Akafungua kile kitambaa, akazirudisha spana misumarini.

Jioni ile walirudi nyumbani wakiwa wamechoka. Mama alikuwa uani na beseni lake.

"Mamako anaimba?" baba aliuliza.

Kidole gumba cha Kipaza kilianza kupanda chenyewe, kwa mazoea. Akakishusha. Akazunguka mbele ya baba yake.

"Haimbi, baba. Ameacha zamani. Nilikuwa nakudanganya."

"Ameacha tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kumsikia."

Fundi alisimama akautazama mgongo wa mkewe. Kisha akavuka uani, akachuchumaa nyuma yake, akaweka kiganja chake katikati ya mabega, kama anavyokiweka juu ya tangi.

"Imba," alisema.

"Nimwimbie nani?" mama aliliambia beseni.

Baba hakuiona midomo. Kipaza akasogea, akamrudishia baba yake maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuyapunguza.

"Mimi hapa," fundi alisema.

Mama aliiacha nguo izame ndani ya povu. Halafu akaanza, kwa sauti iliyokuwa imeota kutu. Ikakatika, akaianza upya.

"Inasemaje?" baba aliuliza.

Kipaza alisikiliza vizuri kabla ya kujibu. Wimbo ulikuwa wenyewe, ule wa zamani, lakini kila baada ya maneno mawili sauti ilikwama, maana mama alikuwa analia. Akanyanyua mkono baba aone. Ngumi ikafunguka, ikafumba, ikafunguka tena. Baba akaitikia kwa kichwa, na kiganja akakiacha palepale mpaka nguo zilipokwisha.