Kiatu cha Fundi Peku

Fundi cherehani huyu aliitwa Fundi Peku, kwa sababu cherehani yake aliikanyaga bila kiatu. "Mashine inataka mguu mtupu," alisema. Wateja walicheka. Chini ya meza pini zilizagaa.

Fundi alikuwa na kisukari. Dawa alimeza, lakini miguu yake hakuna aliyeiangalia. Mwaka mmoja miguu hiyo, iliyokuwa ikiwaka moto, ikafa ganzi. Maskini, yeye akafurahi.

"Mama watoto, miguu haiwaki moto tena. Nimepona!"

"Afadhali, mume wangu."

Jioni moja mkewe alisikia harufu mbaya. Akaushika mguu wa kulia, akaugeuza. Unyayoni palikuwa na kidonda cheusi, na ndani yake pini.

"Baba watoto! Hii huisikii?"

"Kitu gani?"

Walipofika zahanati, muuguzi aliichomoa pini ile. Fundi hata hakushtuka. Muuguzi akamgeukia.

"Baba, mguu huu haujapona. Kisukari kimeharibu mishipa ya fahamu. Ukiumia, hujui. Nendeni hospitali leo hii."

Walikuwa wamechelewa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Fundi alilia kama mtoto, na mkewe alilia kuliko yeye.

Fundi aliporudi nyumbani, muuguzi alikuja kumtazama. Akachukua kioo kidogo cha wateja kujitazamia, akakiweka sakafuni, chini ya mguu wa kushoto.

"Huu uliobaki tuutunze. Mama, kila siku tazameni unyayo, na katikati ya vidole. Muoshe kwa maji ya vuguvugu. Yapime wewe kwa kiwiko, maana yeye hatasikia yakiwa ya moto. Mkaushe vizuri. Dawa asiache. Mkiona lengelenge, hata kama haliumi, njooni siku hiyo hiyo. Na peku basi, hata ndani ya nyumba."

"Nivae kiatu kwenye cherehani?" Fundi akauliza. "Si watanicheka?"

"Wacha wacheke," mkewe akasema. "Mimi nimechoka kulia."

Akamnunulia viatu vipana vya kufunika vidole.

Sasa Fundi anashona tena, kwa mguu mmoja wenye kiatu. Kila jioni mkewe hupiga magoti na kile kioo. Mguu ni mzima, hauna hata mchubuko.

Kiatu cha kulia kipo kwenye rafu, soli yake safi. Wateja huuliza kwa nini hakitupi.

"Kiacheni hapo," Fundi husema. "Kilichelewa kuja."