Aliyelala Chini ya Pikapu

Hebu jenga picha hii kichwani. Ni asubuhi, jua halijafika kwenye paa. Kuna ua wa udongo laini, uliofagiwa vizuri mpaka mistari ya ufagio inaonekana kama nywele zilizochanwa. Katikati ya ua imeegeshwa pikapu ya zamani, ya kijani, kijani kile cha kuta za wodi. Kuku bado wamefungiwa. Hakuna mtu aliyekanyaga popote. Umeiona? Basi ishike hapo hapo, tutairudia.

Ua huo ni wa mjomba wangu, mdogo wake mama. Mjomba ni mpaka rangi. Amepaka nusu ya majengo ya mji wetu, pamoja na shule ninayofundisha, na watu humwita Bwana Rangi. Ana imani moja tu juu ya vitu vya dunia hii: kitu ambacho hakijapakwa rangi hakijaisha kutengenezwa. Nimemwona akipaka kitasa, ndoo, hata jiwe la kuzuilia mlango. Mkewe humtania kwamba anaogopa kusimama karibu naye kwa muda mrefu, asije akapakwa naye.

Pikapu hiyo aliinunua kwenye ghala la chumvi, ambako ilikuwa imebeba magunia yaliyolowa miaka nenda miaka rudi. Ninyi mliopita darasani mnajua chumvi na chuma si marafiki. Mjomba alijua pia, ila alijua kwa namna ya mpaka rangi. Alijilaza chini ya gari na brashi yake, akapaka chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, akapaka waya wa breki ya mkono, akapaka bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma. Alipokuta kutu imechimba vishimo, alijaza puti, kama anavyojaza nyufa za ukuta. Akapitisha msasa. Akapaka tena. Alipotoka huko chini, ungesema gari limezaliwa jana.

Nyumba yao iko juu ya kilima. Shule yetu iko chini, na barabara ya udongo inashuka moja kwa moja mpaka karibu na geti letu, ndipo inapopinda. Kila asubuhi mjomba aliposhuka kwenda kazini aliwabeba watoto wa majirani nyuma ya pikapu, kitindamimba wake akiwa mbele yao wote, ameshika kingo. Yule binti ni mwanafunzi wangu. Nilikuwa nasikia wimbo wao kabla sijaliona gari.

Sasa turudi kwenye ua wetu. Mke wa mjomba ana desturi aliyoichukua kwa mama yake: hufagia jioni, si asubuhi. Hufagia akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kisha mlango hufungwa. Kukicha, anausoma ua kama mimi ninavyosoma madaftari ya watoto. Anajua paka gani alipita, na kama aliyegusa banda la kuku ana viatu au hana.

Asubuhi moja alifungua mlango, akasimama.

Chini ya pikapu udongo ulikuwa umelaliwa. Aliniambia ilikuwa wazi kabisa, kama umbo la mkate lililobaki kwenye unga. Mgongo. Viwiko viwili, vimepanuka kama vya mtu aliyeinua mikono kufanya kazi juu yake. Visigino viwili, vimechimba. Mtu mzima alikuwa amelala pale chali.

Akatafuta nyayo. Mistari ya ufagio ilikuwa mizima pande zote nne. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyeondoka.

Alimwita mumewe. Mjomba alitoka na kikombe mkononi, akatazama, akacheka kidogo. Alisema kama ni mchawi, basi ni mchawi mvivu, amekuja kulala. Lakini mkewe aliona kwamba kile kikombe hakikufika mdomoni tena.

Jioni akafagia. Asubuhi alama ilikuwepo. Mahali pale pale, chini kidogo ya mlango wa dereva, upande wa kulia.

Safari hii mjomba alijilaza mwenyewe kuangalia, na akatoka huko na hasira. Kuna mtu alikuwa amemkwangulia rangi. Si chesi yote, bali kipande kimoja tu cha lile bomba jembamba, urefu wa kiganja. Rangi ilikuwa imetolewa pamoja na puti, na vipande vyake vimelala kwenye udongo, juu ya alama ya kifua cha yule aliyelala. Mikwaruzo ilikuwa myembamba, imeshikana minne minne.

"Ni kucha," mkewe alinong'ona.

"Ni bisibisi," mjomba alisema. "Na mwenye bisibisi ninamjua."

Alimshuku mpaka rangi mwenzake wa mtaa wa pili, aliyeikosa kazi ya kupaka shule yetu na hajamsalimia vizuri tangu hapo. Akachukua puti, akajaza. Akachukua brashi, akapaka. Mkewe alimwuliza kwa nini mtu mwenye kijicho aache kioo, aache milango, aende kukwangua bomba lisiloonekana na mtu. Mtu anapokosa jibu hupandisha sauti, na mjomba alipandisha.

Asubuhi iliyofuata bomba lilikuwa limekwanguliwa tena. Akapaka. Likakwanguliwa. Akapaka kwa rangi nzito zaidi, ile ya mageti. Likakwanguliwa, na safari hiyo kwenye udongo karibu na alama za viwiko kulikuwa na matone meusi. Alidhani ni damu. Alichovya kidole, akanusa. Yalikuwa mafuta. Akasema ni ya injini, magari ya zamani huvuja, akayafunika kwa mguu.

Kuna jambo moja mke wa mjomba hakumwambia mumewe siku zile, akaniambia mimi nilipopita kuwajulia hali. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwalimu, nimeitazama vizuri ile alama," alisema. "Mgongo upo. Mabega yapo. Kisogo hakipo."

Nilimwambia labda anayelala pale huinua kichwa. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyejibu ili tu aketi.

"Mtu akilala chini ya gari namna hiyo," alisema, "kichwa anakiweka wapi?"

Sikulala vizuri, sitawaficha.

Siku ya siku ilianza na jua zuri. Alama ilikuwepo, na ilikuwa imebadilika. Visigino havikuwa vimetulia tena. Vilikuwa vimeburuta, kama vya mtu anayejaribu kuzuia kitu kisiende. Mke wa mjomba aliiona ile miburuzo miwili mirefu, akaingia ndani, akashika mkono wa binti yake.

Watoto wa majirani walikuwa wameshaanza kupanda. Aliwashusha mmoja mmoja. Mjomba alimwuliza kuna nini. Alisema leo watashuka kwa miguu. Mjomba akasema watamwaibisha mbele ya watu, wataonekana wanalikimbia gari lake. Mkewe hakubishana. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Nenda nalo wewe, baba. Mwanangu hapandi."

Basi watoto wakashuka kwa miguu. Fikiri vizuri hapo. Kwa kuwatoa nyuma ya gari, aliwaweka mbele yake.

Mimi nilikuwa getini, zamu yangu. Niliwaona wakija katikati ya barabara kama kawaida ya watoto, mabegi yakidundadunda, binti wa mjomba akiwa wa mwisho kwa sababu alikuwa amenuna. Juu yao, kwenye kichwa cha mteremko, pikapu ya kijani ikajitokeza.

Mjomba anasema alikanyaga breki pale pale juu, kama kila siku. Pedeli ikashuka. Ikashuka yote, laini, bila kukataa, mpaka ikagusa sakafu. Akaiachia, akakanyaga tena. Sakafu. Akavuta breki ya mkono. Haikushika chochote, ilipanda mkononi mwake nyepesi kama kijiti. Akarudisha gia, injini ikalia, lakini makopo ya rangi nyuma yalikuwa mazito na kilima kile hakina huruma.

Alipiga honi. Hakuiachia.

Watoto waligeuka. Walitawanyika kama vifaranga, huku na huku. Wote isipokuwa mmoja. Binti wa mjomba alimwona baba yake nyuma ya kioo, na alifanya kile ambacho mtoto hufanya akimwona baba yake. Alisimama kumngoja.

Niliita jina lake. Nilikimbia. Nilijua sifiki.

Ndipo niliposikia. Chini ya honi, chini ya mlio wa injini, kulikuwa na sauti nyingine. Kitu kilikuwa kinaburutwa. Kitu kigumu, juu ya udongo mkavu, kwa nguvu sana. Krrrr. Mjomba aliisikia chini ya miguu yake, kupitia sakafu. Anasema alisikia pia pumzi. Pumzi ya mtu anayejikaza.

Pikapu ikapungua mwendo. Ikapungua tena, huku magurudumu yanazunguka. Ikasimama.

Binti alikuwa amefumba macho. Bampa lilikuwa limegusa kifungo cha begi lake, alilolikumbatia kifuani. Kilibaki na doa la kijani.

Mjomba alishuka, akaanguka, akamshika. Watu walikuja wakainama kuangalia chini ya gari, kwa sababu wote tulikuwa tumesikia. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mafuta yakidondoka taratibu kutoka kwenye bomba. Na barabarani, katikati ya alama za matairi mawili, kulikuwa na mifereji miwili myembamba. Ilianzia juu kabisa ya kilima. Haikuwa ya tairi. Kila mmoja ulikuwa na upana wa kisigino.

Alikuja makanika wa pale njia panda. Alijilaza, akabonyeza lile bomba kwa kidole, na likamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Lilipasuka pale pale palipokuwa panakwanguliwa.

"Mzee," makanika alisema, na alisema kwa upole, "hili bomba lilikwisha siku nyingi. Kilichobaki ilikuwa rangi yako." Akamweleza kwamba gari la umri ule lina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote, ikitoboka popote, breki zote zimekwenda. Waya wa breki ya mkono nao ulikuwa umekatika ndani ya ala yake, kwa kutu. Kwa nje unang'aa.

Mjomba alisikiliza yote. Kisha akauliza kile tulichokuwa tunaogopa kuuliza. Sasa gari lilisimamaje?

Makanika alitazama ile mifereji. Akakusanya spana zake.

Kesho yake tulikwenda wawili, mjomba na mimi, kwenye ghala la chumvi. Mlinzi wa pale ni mzee mwenye jicho moja bovu. Mjomba alieleza kuwa yeye ndiye aliyenunua ile pikapu. Kabla hajaendelea, mzee alisogea karibu.

"Bado analala chini yake?" aliuliza.

Kisha akatuambia, kwa maneno machache, kwamba palikuwa na fundi aliyelitunza lile gari. Kila asubuhi alilala chini yake kuyaangalia mabomba, kwa sababu aliijua chumvi. Siku moja gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mwinuko, breki ya mkono ikaachia yeye akiwa chini yake. Alijaribu kulizuia kwa miguu. Mzee akapitisha kiganja chake shingoni, taratibu. "Tairi lilipita hapa," alisema.

Mjomba alirudi akafunga mabomba mapya yote, na hakuyapaka rangi. Yapo wazi mpaka leo, na kila asubuhi huinama kuyaangalia. Mkewe anafagia jioni, na tangu siku ile mistari yake haijaguswa. Wimbo wa watoto nimeanza kuusikia tena.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Lakini shule yetu ina gari, pikapu kuukuu yenye turubai, ambayo juzi ilirudi kutoka kupakwa rangi mpya. Ni nyeupe, inapendeza. Leo asubuhi ilikuwa iwapeleke watoto wa darasa langu kwenye mashindano ya riadha, na walikuwa wameshapanga mstari. Mlinzi wetu alikuwa anafagia kuizunguka, pale ilipolala usiku. Nilimwona ameinama, ametulia, ufagio umesimama hewani. Nikaenda. Nikainama naye, nikatazama chini ya gari.

Mgongo ulikuwepo. Viwiko vilikuwepo. Visigino vilikuwepo. Na juu ya alama ya kifua kulikuwa na vipande vidogo vya rangi nyeupe.

Watoto wamerudi darasani, wamenuna. Nimewaacha wanune.

Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja tu, si zaidi. Kabla hujawasha gari la zamani, inama uangalie chini yake. Na ukikuta vumbi limelaliwa, tafadhali usilifute kwanza. Tazama juu yake, pale alipokuwa anatazama yeye.