Kidomo Hajifichi

"Toa kidole! Nasema toa hicho kidole!"

Mwasiti alipaza sauti hadi wauza mchele wa soko la Kyela wakageuka. Mtoto mmoja wa chekechea anayofundisha kivulini hapo sokoni alikuwa amekichomeka kidole kwenye kopo la rangi nyekundu la fundi aliyechuchumaa akiandika jina ubavuni mwa bajaji. Mwalimu mwingine angetafuta fimbo. Mwasiti alishika kiuno, gauni lake la njano likipepea, akatoa dawa yake ya watundu:

*Kidole chenye utundu*
*kikaingia rangini,*
*mwili ukawa mwekundu,*
*kauzwa nyanya gengeni!*

Mtoto alichomoa kidole mbio. Fundi alicheka hadi brashi ikamponyoka.

"Dada, shairi hilo umelitoa wapi?"

"Kichwani. Wewe hiyo rangi umeitoa wapi, puani?"

Na kweli alikuwa nayo puani. Huyo ndiye Badru, mtoto wa mkulima wa kakao kule Makwale. Jioni ile ile alimletea kipande cha boksi alichokichora: mtoto mwekundu kakaa juu ya fungu la nyanya, mama mmoja anamminya shavu kuona kama ameiva. Mwasiti aliipenda ile picha, na tuseme ukweli, alimpenda na mchoraji.

Wakaanza kitabu. Mwasiti anatunga, Badru anachora: mvulana asiyeoga aliyeotwa na mpunga masikioni, mlafi aliyevimba akapaa juu ya paa la stendi. Simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakuwaza tu, nimeshiba."

"Muongo! Nasikia unatafuna!"

Likabaki shairi la mwisho, la Kidomo, binti anayewajibu wakubwa mpaka mamba akamla. Mwasiti alilitunga akijicheka, maana tangu utotoni ndivyo wateja walivyomwita dukani kwa baba yake, muuza vitenge mwenye asili ya Tanga. Kazi ya Badru ilikuwa kuchora mamba.

Badru hakuchora mamba. Alikuja dukani wateja wakiwepo, amevaa shati lililopigwa pasi, akafunua karatasi. Pichani alikuwapo Mwasiti mwenyewe, na pengo lake la meno na gauni la njano, amejikunyata nyuma ya gunia la mchele, khanga imemfunika kichwa. Mbele yake anapita mzee mwenye kofia na kapu.

"Huyu mzee ni nani?"

"Baba yangu," Badru alisema taratibu, akimtazama machoni.

Damu ilimchemka Mwasiti. Kumbe ndivyo anavyomtaka, kanywea nyuma ya gunia! Yeye aliyebishana na wakubwa wa soko hadi wakamwachia kivuli cha kufundishia!

"Sikiliza, Badru. Mbele ya huyo baba yako mimi sijifichi. Leo sijifichi, kesho sijifichi. Umenielewa?"

Uso wa Badru ulizima. "Nimekuelewa," alisema, akaondoka.

Mwasiti akasubiri aombwe radhi. Simu kimya. Alipopiga yeye, ikaita weee mpaka ikachoka. Bajaji sokoni zikakaa bila majina. Alilia jikoni akisingizia vitunguu, siku ambayo kwao walipika maandazi.

Aliyemfumbua macho ni Tulinagwe, rafiki yake auzaye vyungu vya Matema. Aliiona ile picha aliyoiacha Badru, akapiga kofi pajani.

"Mwe! Umechumbiwa hukuniambia?"

"Nimechumbiwa na nani? Nimetukanwa!"

"Mwasiti, umezaliwa Kyela hii hii, lakini kwenu ni duka na msikiti tu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani anachepuka. Mzee naye anachepuka. Ndiyo heshima yenyewe. Hapa kijana kakuambia nataka uwe mke wangu. Wewe ulimjibu nini?"

Mwasiti alikaa chini. Alikuwa amemkataa mwanamume anayempenda, tena kwa sauti, mbele ya wateja.

"Na kama nampenda ila kujificha sitaki?"

"Hayo kamwambie mwenyewe. Mimi nauza vyungu."

Alipanda bodaboda hadi Makwale, gauni la njano likala vumbi njia nzima. Badru alikuwa uani akigeuza kakao kwenye mkeka. Harufu yake kali ilikuwa imejaa kila mahali.

"Wewe mwanamume mjinga sana," Mwasiti alianza. "Mtu huchumbia kwa mdomo!"

"Ulinijibu kwa mdomo, mbele ya watu."

"Nilidhani unanidharau! Nakupenda, Badru. Nakutaka hadi naona haya. Lakini kujificha sijifichi. Nitampikia baba yako, nitamheshimu, ila nyuma ya gunia siendi. Kama hunitaki hivyo, sema nirudi na bodaboda yangu."

Badru alifungua mdomo, macho yakamtoka. "Baba anakuja! Tafadhali, geuka kidogo tu!"

Mzee alikuwa anaingia uani na kapu la kakao begani. Mwasiti hakugeuka. Alisimama wima katikati ya njia, uso wazi.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliganda. Akamtazama mwanawe, akalitazama gauni la njano. Mara akalimwaga kapu, matunda yakabingirika kila upande, akajifunika nalo kichwani na kutokomea migombani.

Badru alishika kichwa. Kisha sauti ikatoka kwenye migomba:

"Badru! Mwambie mkwe wangu, marahaba. Asikanyage kakao. Na umuulize wazee wake tunawakuta lini!"

Mwasiti alicheka na kulia kwa pamoja. Akamkwangua Badru rangi iliyokuwa bado puani.

"Yule mamba wa shairini mfute. Andika:

*Kidomo alisimama,*
*hakukimbia njiani,*
*mkwewe ndiye kahama*
*na kapu lake kichwani!*"

"Na adhabu yake? Kitabu chetu kila mkaidi ana adhabu."

"Ataolewa na mchora bajaji. Haimtoshi?"