Kiti Mwendo cha Sebuleni

Wapendwa wa Chanzuru, wa Kilosa mjini na ninyi wa Mikumi, nipeni masikio yenu kidogo, kwa maana jambo hili limetokea kwetu na si mbali.

Nyumba ya Urbanus, ukifika Jumapili baada ya ibada, ni nyumba ya kupendeza. Uwanja umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Sebuleni kila kitu kimevaa kitambaa cha kufuma: meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa vya maua, kwa sababu Devota, mke wa Urbanus, mikono yake haijui kukaa bure. Na pale dirishani, mahali pa heshima kuliko makochi yote, palikuwa na kiti mwendo. Kipya kabisa. Nailoni ya kiwandani bado imekifunika kila upande, magurudumu yanang'aa, na juu ya nailoni, kwenye egemeo, kitambaa cheupe chenye ncha za bluu.

Jumapili hiyo mgeni alikuwa Paulina, ambaye watu humwita Mama Alex. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu pale katani, mwanamke wa viatu vigumu na daftari kwapani. Mwanawe mwenyewe ni kiziwi, na alimpigania mpaka akamaliza shule. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuandika majina, maana Januari shule ya msingi ilikuwa inafungua darasa la elimu maalumu. Mwalimu aliweka sharti moja: mtoto aweze kukaa kwenye kiti kipindi kizima, kwa kuwa yuko peke yake na hana mikono ya kumshikilia kila mmoja. Sharti hilo lilimkera Paulina, alibishana nalo wiki mbili, akashindwa. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Karibu chai, Mama Alex," Devota alisema, akimimina.

"Ahsante. Nyumba yenu inapendeza, jamani."

Chai ilikuwa na tangawizi, upepo ulikuwa unapita dirishani, na Paulina, aliyekuwa ametembea tangu asubuhi, alinyoosha miguu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha nyuma, sauti nyembamba lakini ya heshima:

"Shikamoo mgeni!"

Kikombe cha Paulina kilisimama hewani. "Marahaba, mwanangu! Si binti yenu huyo?"

"Ndiye, Vaileth," Devota akajibu, macho kwenye birika. "Amelala."

"Amelala, na ananiamkia?"

Urbanus alicheka kidogo. "Huyo hata akilala masikio yake yapo macho. Kunywa chai, Mama Alex, inapoa."

"Ipoe," Paulina alisema, akainuka.

Chumba cha nyuma kilikuwa na magunia ya mahindi, madumu na majembe. Katikati ya vitu hivyo, juu ya godoro chini sakafuni, alilala binti wa miaka kumi. Alilala ubavu wa kushoto, kama alivyolala miaka mingi, kwa sababu upande huo ndio unaoonyesha upenyo wa pazia. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kufuata godoro.

"Ulijuaje kama ni mgeni?" Paulina alimuuliza, akichuchumaa.

"Viatu. Baba anaburuta miguu, mama ndani hana viatu. Wewe unakanyaga kama polisi."

Paulina alicheka. Nje ikapita pikipiki.

"Hiyo ya Bonifas," Vaileth alisema. "Ekzosi yake imetoboka."

Mtoto mwenye akili kama hiyo, jamani, akiwa amewekwa pamoja na majembe!

"Mwanangu, mbona hukai kwenye kiti chako?"

"Mama alisema nitakikalia nikipona."

Hapo naomba tutulie. Vaileth alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake haitatembea, na madaktari walishawaambia wazazi wake mapema kabisa. Kiti kile kilitengenezwa kwa sababu hatatembea, wao wakakitunza wakisubiri atembee. Niambieni ninyi, hilo mtalieleza vipi?

Miaka miwili nyuma Paulina huyuhuyu ndiye aliyewapeleka Mikumi, kwenye kliniki ya viungo. Fundi alimpima Vaileth nyonga, mapaja, mgongo na urefu wa miguu mpaka nyayo, kisha kiti kikatengenezwa kwa mwili wake. Kilipoletwa watu walikusanyika, picha zikapigwa, na mchungaji alipopita kusalimu familia, kiti kikaombewa. Naam, kiti. Mtoto mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma.

Paulina alirudi sebuleni, akasimama katikati ya mkeka.

"Baba Vaileth!"

Urbanus alishtuka, maana hakuna aliyemwita hivyo. Pale mtaani yeye ni Baba Samweli. Vaileth ndiye mzaliwa wa kwanza, na sote tunajua mzazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, lakini watu walimruka binti wakachukua jina la mdogo wake, na Urbanus hakuwahi kuwasahihisha.

"Baba Vaileth, kiti mmekiweka dirishani, mtoto mmemweka stoo. Ni nani kati yao anayehitaji kuona nje?"

"Sasa Mama Alex, unataka tukitoe kwenye tope? Hujaiona njia yetu ikinyesha? Wale waliokileta walisema watarudi kukikagua. Wakikuta kimechakaa, si watakichukua?"

"Wamerudi?"

"Bado."

"Huu ni mwaka wa ngapi?"

"Wa pili. Ndiyo maana mpaka leo ni kisafi."

Paulina alimtazama. Aligeuka kwa Devota. "Na wewe mama?"

"Watu, dada yangu," Devota alisema kwa sauti ya chini. "Nikimtoa, watu watasema."

"Watasema nini ambacho hawajasema miaka kumi? Walishamaliza, Devota! Sasa hivi wanasema habari za wengine. Januari kuna darasa. Mtoto akiweza kukaa, anasoma. Toeni hiyo nailoni."

Urbanus aliivua polepole kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji. Devota alikunja kitambaa. Walimbeba Vaileth, huyu kwapani, huyu magotini, wakamkalisha.

Hakuenea.

Nyonga zilibanwa na vyuma vya pembeni. Magoti yalipanda juu kwa sababu pa kukanyagia palikuwa juu mno. Mkanda wa kifua haukufika, na mgongo, uliojifunza godoro, haukulingana na egemeo lililopimiwa mtoto wa miaka minane. Kwa dakika moja Vaileth alisahau maumivu, akachungulia dirishani na kusema, "Kumbe barabara iko karibu hivi!" Halafu uso ukamkunjamana. "Mama, inaniuma. Nishusheni."

Walimshusha. Urbanus akawa wa kwanza kusema.

"Nitakipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale stendi, akipanue."

"Baba Vaileth," Paulina alisema, "hiki si geti."

Alitaka kuendelea kuwasema. Maneno alikuwa nayo, na mengine ya moto. Lakini alipofungua daftari ili aandike, macho yake yaliangukia mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameitembelea nyumba ile mara tatu tangu kiti kifike, na mara zote tatu aliandika maneno yaleyale: *Kiti kipo, kizima, kinatunzwa vizuri.* Alikunywa chai, akakiona kiti, akashukuru, akaondoka. Hata mara moja hakuuliza mtoto aliyepimwa kiti hicho amelala wapi. Paulina alikaa chini, akasonya. Safari hii alijisonya mwenyewe.

Jumatano walikwenda Mikumi. Walipanda basi kutoka Kilosa, kiti kimefungwa juu ya paa, Vaileth mapajani kwa mama yake, na njia nzima alikuwa akiuliza: lile ni shamba la nani, wale ng'ombe wa nani, mbona miti ya huku mirefu. Devota alijibu mpaka akachoka, kisha akageukia dirisha na kufuta macho kwa ncha ya khanga.

Fundi wa viungo, Rafaeli, alipima tena. Mgongo aliupima mara mbili.

"Kiti hiki hakirefuki," alisema mwishoni. "Tutaandikisha kingine. Kitachukua miezi saba, pengine minane."

"Na mgongo?" Paulina aliuliza.

"Angekuwa anakaa miaka hii miwili, usingefika hapa. Nitawafundisha mazoezi usizidi kupinda. Kuurudisha kama ulivyokuwa, siwezi."

Urbanus alitoka nje akakaa kwenye ngazi, kofia mkononi.

Pale nje kwenye benchi alikuwepo mama mmoja kutoka Lumuma, aliyeondoka kwake jana yake. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe Kelvin kwa kitenge. Mtoto ana miaka saba, na miguu yake ilikuwa ikining'inia mpaka magotini kwa mama. Rafaeli alitoka, akamtazama Kelvin, akakitazama kiti, akatoa futi yake mfukoni. Haikuhitajika kusema.

"Hapana," Urbanus alisema, akisimama. "Hicho ni cha mwanangu. Kina jina lake."

"Mwanao hakimwenei, baba," Rafaeli alisema.

"Hata kama. Kibaki nyumbani kama kumbukumbu."

Paulina akapiga hatua mbele. Kumbukumbu! Kumbukumbu ya nini? Alifungua mdomo, lakini Vaileth, aliyekuwa ameegemea kifua cha mama yake mlangoni, alimtangulia.

"Baba, mpeni. Ila wasikiweke sebuleni."

Mama wa Lumuma akajibu haraka, "Mwanangu, sisi hata sebule hatuna."

Benchi zima lilicheka, na Rafaeli naye. Urbanus hakucheka. Alikitazama kile kiti. Kisha akakisukuma mwenyewe mpaka kwenye benchi, akamshika Kelvin kwapani, akasaidia kumkalisha. Kelvin alienea kama vile alipimwa yeye. Mama yake alijinyoosha mgongo, akashika kiuno kwa mikono miwili, akasema, "Ee Mungu wangu," basi.

Ijumaa Paulina alikwenda kwa mwalimu na jina la Vaileth, akiwa hana kiti wala uhakika.

"Sharti liko palepale, Mama Alex," mwalimu alisema.

"Andika jina. Kukaa atakaa."

Rafaeli alikuwa amewachorea kiti cha pembe cha mbao, kinachomshika mtoto mabega na kiuno. Urbanus hakuwa na mbao, na Januari ilikuwa imekaribia, kwa hiyo aliivunja meza ya sebuleni. Devota alitoa kitambaa cha meza, akakikunja. Baadaye alifuma mto wa kuwekea mgongo.

Januari Vaileth alianza darasa. Baba yake alimfunga nyuma ya baiskeli, ndani ya kile kiti alichokitengeneza, akampitisha asubuhi mbele ya kijiwe cha bodaboda, peupe kabisa, mbele ya watu wote ambao yeye na Devota waliwaogopa. Siku ya kwanza vijana walinyamaza. Siku ya pili mmoja alipiga kelele, "Mzee Urba, abiria wako anashukia wapi?" Vaileth akamjibu mwenyewe: "Shule! Wewe uliacha darasa la ngapi?" Kijiwe kikalipuka kwa kicheko, na tangu hapo wanampungia mkono.

Kiti kipya kilifika Agosti. Siku ya tatu kilikuwa na tope mpaka kwenye vyuma, na hakuna aliyekifuta mpaka jioni. Leo Vaileth anasoma herufi na kuandika jina lake, kwa taabu lakini anaandika. Hata hivyo nisiwadanganye. Mgongo haukunyooka. Baada ya saa moja anachoka na lazima alazwe, na wenzake wanaendelea na hesabu bila yeye. Kila siku anapungukiwa masomo hayo, na ni miaka miwili ile ya sebuleni inayoyala.

Naye Paulina siku hizi akiingia nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu hanywi chai mpaka amemwona mtoto na kumshika mkono. Watu wengine wanasema amekuwa mkali. Na wamwache awe mkali.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, mtoto si siri ya familia. Ulichopewa kwa ajili yake, kiwe kiti, fimbo, miwani au kifaa cha masikio, ni cha kuchakaa mwilini mwake. Kikichakaa, mshukuru Mungu, maana kimefanya kazi. Mtoto anakua hata ukimficha. Mifupa yake haingoji tope likauke wala majirani wanyamaze, na fundi hodari kuliko wote hatakurudishia mwaka uliopita.

Na sisi tunaojiita wanaharakati, wazee wa kanisa, viongozi wa msikiti, watu wa ofisi ya kijiji, tusijifiche nyuma ya Urbanus. Yeye alificha mtoto mmoja, lakini sisi ndio tuliokaa kwenye makochi yake tukaridhika. Tumezoea kuhesabu vifaa tulivyogawa na picha tulizopiga, tukiita hiyo kazi. Kiti hakina maumivu, hakiendi shule, na wala Mungu hatatuuliza habari zake. Atatuuliza habari za yule aliyekuwa nyuma ya pazia akitusalimia, na kama tulisimama kumwendea.