Kura Tuliyopiga kwa Miguu

Mimi naitwa Phoebe Nasimiyu. Nauza mboga kwenye njia inayotoka Mountain View kuingia Kangemi. Saga, kunde, mrenda, managu, zote utapata kwangu. Asubuhi nazinyunyizia maji na kupanga mafungu. Wateja wakifika, naanza kupiga domo. Sikatai, mimi ni mtu wa kuongea.

Kona yangu ilikuwa nzuri. Mtu akishuka garini ananiona mimi kwanza. Mume wangu, Bramwel, ni seremala. Yeye anatengeneza viti chini ya paa la mabati, hatua chache kutoka kwangu. Nafasi hizi zote hugawanywa na mwenyekiti wa kikundi chetu cha wauzaji. Kikundi kina watu hamsini. Mwenyekiti alikuwa Bwana Wahome, muuza viazi. Alikuwa amekalia kiti hicho miaka tisa.

Sisi tulichagua mwenyekiti kwa mlolongo. Wagombea wanasimama, na kila mwanachama anapanga foleni nyuma ya anayemtaka. Na nikuambie ukweli, mimi ndiye niliyeutetea mlolongo kuliko wote.

"Karatasi inaibwa," nilikuwa nawaambia. "Lakini mtu mzima amesimama juani, utamwiba vipi?"

Watu walicheka, wakakubali. Basi mwaka huu fundi wa nguo anayeitwa Syokimau akasema atagombea. Alitaka nafasi zigawanywe kwa haki, na mtaro wa maji machafu ufunikwe. Wengi walimwahidi kura kwa sauti ya chini. Hata Bramwel aliniambia jikoni, "Huyu mama ndiye."

Jumamosi ya uchaguzi ilifika. Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya Syokimau. Bwana Wahome alisimama upande wa pili, mikono kiunoni, akimtazama kila mtu usoni. Mlolongo wake ulikuwa unarefuka. Nikaona mwanamume mrefu mwenye shati la bluu amejipanga huko. Nikajiambia, ai, huyo anafanana na Baba Valarie. Kisha akageuka.

Alikuwa Baba Valarie! Mume wangu mwenyewe, baba ya mtoto wangu! Yeye aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake.

Tulihesabiwa. Wahome thelathini na mmoja, Syokimau kumi na tisa.

Nyumbani sikungoja avue viatu. "Baba Valarie, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Mama Valarie, nielewe. Alikuwa ananiangalia machoni. Lile paa ni yeye alinipa. Ningekuja kwenu, tungepoteza nafasi zote mbili."

"Kwa hivyo uliniacha peke yangu?"

Nilipakua ugali kwa hasira, nikampa bila mboga.

Jumatatu nilifika kazini na gunia langu la kunde. Kwenye kona yangu alikuwa amekaa Kui, mpwa wa Bwana Wahome, amepanga nyanya zake. Nilidhani ni mzaha.

"Kui, sasa? Leo unanichezea?"

"Uliza mwenyekiti, mama," alisema. Hakuniangalia.

Mwenyekiti alinionyesha mahali pangu papya kwa kidole. Ni kando ya mtaro, mwisho kabisa. Wote kumi na tisa tuliosimama na Syokimau tulikuwa tumehamishiwa huko. Mwenyekiti hakukosea hata mmoja. Kwani angekosea vipi? Alituona kwa macho yake tukijipanga.

Kufikia saa nne nzi walikuwa wamejaa kwenye mboga. Wateja walifika nusu ya njia, wakaziba pua, wakarudi. Nilimwaga kunde zote nikilia bila aibu. Biashara hiyo ndiyo inayomsomesha Valarie.

Mteja mmoja tu ndiye aliyenifuata hadi mtaroni. Huyo ni Mwalimu Vidya wa Loresho. Alifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu. Huja kununua dania na spinachi, na hupenda stori kama mimi.

"Mama Valarie, nani amekuleta huku?" aliuliza.

Nilimweleza yote. Mwisho nikasema, "Mwalimu, hii ni shida ya Kenya tu. Kule Marekani watu wameanza demokrasia kitambo. Wao hawana mambo kama haya."

Mwalimu Vidya aliweka kikapu chini akacheka. "Nani alikudanganya? Miaka mia mbili iliyopita, sehemu nyingi za Marekani watu walipiga kura kwa mdomo."

"Kwa mdomo vipi?"

"Unasimama mbele ya karani. Unataja jina lako, halafu unamtaja unayemtaka. Kwa sauti. Na mgombea anaweza kuwa hapohapo anakusikiliza."

"Wacha! Na kama mgombea ndiye mwenye shamba unalolima?"

"Basi anakusikia vizuri kabisa."

Nilimfikiria Bramwel na viatu vyake. Kidogo hasira ikapungua, lakini kidogo tu.

"Na hao waliotaja jina ni wachache," Mwalimu aliendelea. "Mwanzoni majimbo mengi yaliruhusu wanaume wenye mali peke yao, na karibu wote walikuwa weupe. Baadaye, kufikia miaka ya elfu moja mia nane na thelathini hivi, karibu wanaume weupe wote waliruhusiwa, hata maskini. Watu walisherehekea sana."

"Na wanawake?"

"Hapana. Jimbo moja liliwaruhusu wachache, halafu likawanyima."

"Likawanyima tena! Na watu weusi?"

"Wengi wao walikuwa watumwa. Na mahali ambapo weusi huru walikuwa wanapiga kura, baadhi ya majimbo yaliwanyang'anya haki hiyo wakati huohuo yalipowafungulia weupe maskini mlango."

Nilishika kichwa. Mimi nilidhani haki ikishaingia mahali inakaa. Kumbe inaweza kuondolewa watu wakipiga makofi!

"Nchi ilikuwa inakua haraka kuelekea magharibi," alisema. "Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka elfu moja mia nane na thelathini ilipitishwa sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki. Waliondolewa mashambani kwao wakapelekwa mbali. Maelfu walikufa njiani. Wao hawakuwa na kura."

"Woi! Na aliyetia sahihi ni nani?"

"Rais Andrew Jackson. Aliingia elfu moja mia nane na ishirini na tisa, akisifiwa kuwa mtu wa watu wa kawaida. Aliwatoa mamia ya watumishi wa serikali kazini. Nafasi nyingi ziliwaendea waliomuunga mkono."

Nilitazama kona yangu. Kui alikuwa anauza nyanya kwa raha zake. "Kama Wahome," nilisema.

"Kama Wahome. Sasa niambie. Kikundi chenu kimesajiliwa?"

"Ndiyo."

"Basi kina katiba. Inasema nini kuhusu uchaguzi?"

Sikujua. Syokimau naye hakujua. Mimi na yeye tukaenda ofisi ya maendeleo ya jamii kule Westlands. Afisa alitafuta faili yetu, akatufungulia ukurasa wa tatu. Nilisoma mara mbili. *Viongozi watachaguliwa kwa kura ya siri.* Chini kulikuwa na sahihi zetu waanzilishi. Sahihi ya nne ilikuwa yangu!

"Mimi nilitia sahihi hii?" niliuliza.

"Wewe si ndio huyu?" afisa alisema.

Nikakumbuka. Siku ya kujisajili tulinakili katiba ya kikundi kingine, tukatia sahihi mbiombio ili tuwahi kurudi kazini. Hakuna aliyeisoma. Na kwa miaka tisa mimi ndiye niliyepiga kelele kutetea mlolongo! Nilitaka sakafu inimeze.

Afisa alitueleza polepole. Katiba yetu ilisema theluthi moja ya wanachama wanaweza kuitisha mkutano wa pekee. Kwetu sisi hiyo ni watu kumi na saba. Tunaandika barua, tunatia sahihi, tunampa katibu wetu na kuacha nakala ofisini. Siku ya kura orodha ya wanachama isomwe. Sanduku lionyeshwe kuwa ni tupu. Kila mtu apewe karatasi moja na aiandike mahali asipoonekana. Msimamizi asiwe mgombea wala jamaa ya mgombea. Kura zihesabiwe mbele ya wote.

Sahihi tulizipata kwa saa moja. Sisi wa mtaroni tulikuwa kumi na tisa, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuogopa tena. Bwana Wahome mwenyewe ndiye aliyetupanga pamoja.

Siku ya mkutano afisa alikuja kusimamia. Tuliandikia nyuma ya pazia la Syokimau la kupimia nguo. Karatasi zikasomwa moja moja. Syokimau thelathini na tatu, Wahome kumi na saba. Watu ni walewale hamsini! Bwana Wahome aliomba kura zihesabiwe tena. Zikarudi vilevile.

Tulipiga vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Sasa ni zamu yao kunusa mtaro!" Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kona. "Kui, toa nyanya zako hapa! Haraka!"

Kui alianza kuzikusanya. Ndipo nikaisikia sauti yangu. Sauti ile ilikuwa ya Wahome kabisa, nayo ilitoka kinywani mwangu. Nilishtuka kuliko siku ile ya shati la bluu.

Nikamgeukia Mwalimu Vidya, aliyekuwa amekuja kutazama. "Mwalimu, kule Marekani waliofuata walifanyaje?"

"Walioshinda waliendelea kutoa watu na kuweka wao. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla sheria haijaanza kuwazuia."

Miaka hamsini! Nilimwambia Kui aache nyanya. Nikanyoosha mkono mkutanoni nikapendekeza nafasi zigawanywe kwa kura ya bahati, kila baada ya miezi sita. Wengine walininunia. Syokimau aliliunga mkono pendekezo langu, likapita, tukaliandika kwenye katiba. Safari hii kila mtu alisomewa kabla ya kutia sahihi.

Tulichota vikaratasi kwenye ndoo. Kui akapata mahali karibu na duka la dawa. Mimi nilifungua changu nikasoma. Mtaroni! Bwana Wahome akafungua chake. Mtaroni, kando yangu.

Bramwel hajaniambia alimpigia nani kura mara ya pili. Sijamuuliza, na mboga anapata.

Bwana Wahome alikaa na viazi vyake siku mbili. Siku ya tatu alifukuza nzi, akaziba pua kwa leso.

"Mama Valarie," alisema, "kwani huku hunuka hivi kila siku?"

"Kila siku, Bwana Wahome. Miaka tisa."

Jumamosi iliyofuata wote hamsini tulitoka kufunika mtaro, kwa sababu hakuna aliyejua ndoo itampeleka wapi. Bwana Wahome ndiye aliyefika wa kwanza na sepetu.