Bunduki Fupi ya Marlys na Wivu wa Mumewe

Ndugu zangu, na hasa ninyi wanaume mnaopenda kusema kwamba wivu ni ugonjwa wa wanawake, nipeni masikio yenu kidogo. Mimi ni Oleta, mkata nyama ya mawindo katika bonde hili letu la Wyoming. Kila Oktoba elki wa nusu ya bonde hupita mezani kwangu, kwa hiyo najua nani amepiga vizuri na nani amepiga ovyo. Wanaopiga ovyo sina subira nao, na wanalijua hilo.

Nyumba ya Verlon Tadlock na mkewe Marlys ilikuwa nyumba ya amani. Ukipita jioni ungewasikia wakitaniana jikoni, sufuria ya maharage na nyama ya elki ikitokota. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila mkubwa karibu sawa na farasi, na mmoja tu akiingia kwenye jokofu lako husumbuki na bei ya nyama hadi theluji iyeyuke. Kila mtu ana kibali chake kimoja kwa mwaka, cha kuua elki mmoja. Marlys na Verlon walikuwa wakipanda mlimani pamoja, na mke akiazima bunduki ndefu ya zamani ya mumewe.

Amani hiyo ilianza kuvurugika siku Marlys alipotaka bunduki yake mwenyewe. Walikwenda dukani kwa Haug, muuza bunduki wetu, nami nilikuwepo nikinunua visu.

"Nataka fupi," Marlys akasema. "Ya kukoki kwa mkono, nyepesi, mtutu usinaswe na matawi. Na kitako kinikae mimi, maana hii ya nyumbani ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono ya sokwe."

"Verlon, unasemwa wewe hapo!" Haug akacheka.

"Mwache aseme. Ila umpe magnamu, ile risasi kubwa. Elki si sungura."

"Magnamu kwenye bunduki nyepesi hivi? Itampiga teke aone nyota mchana kweupe. Hii ya milimita saba, ya ganda fupi, inamtosha kabisa. Inapenya vizuri na bega halimuumi."

"Nipe hiyohiyo," Marlys akasema. "Elki hafi kwa kelele. Anakufa risasi ikiingia mahali pake."

"Hicho ni kijiti cha kuchokolea meno, mke wangu."

"Basi wewe chukua nguzo ya umeme, tuonane mlimani."

Duka zima lilicheka, na Verlon naye akacheka. Lakini wiki iliyofuata alirudi peke yake akanunua bunduki fupi vilevile, nyepesi vilevile, ila ya magnamu. Hakutaka mkewe amshinde kwa wepesi, wala hakutaka alingane naye kwa nguvu. Haug alimwonya, naye akajibu kwamba hakuja kuuliza.

Tukaenda uwanjani kulenga shabaha, kama kawaida yetu kabla ya msimu. Matundu ya Marlys kwenye karatasi ungeyafunika yote kwa kikombe cha kahawa. Verlon akafyatua mara moja tu, bunduki ikaruka nyuma, na ukingo wa darubini ya kulengea iliyo juu yake ukamchana juu ya nyusi. Jeraha lile lenye umbo la mwezi mchanga kila mwindaji wa huku analijua na hakuna kofia ya kulificha.

"Jamani, darubini imembusu!" mtu mmoja akapiga kelele.

"Mwache, hajabusiwa siku nyingi!"

Tangu siku ile Verlon akawa anafumba macho kabla ya kufyatua. Msimu ulipofika, Marlys aliangusha elki kwa risasi moja, mumewe akarudi mikono mitupu. Mkahawani wenzake walikuwa wakimngoja.

"Verlon, kumbe siku hizi unalishwa!"

"Mama akukatie vipande vidogo, bwana, usije ukapaliwa."

Nilipomsifu Marlys kwa kutoharibu hata kipande cha bega, Verlon alinijibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Bahati tu. Mnyama alisimama kama nguzo." Niliona shavu likimcheza. Ningemwambia neno siku ile, labda lingemsaidia, lakini wateja walikuwa wengi na nyama haingoji.

Mwaka mzima akawa hivyo. Marlys akisifiwa kanisani, yeye hutazama kando. Marlys akichekeshwa na Haug dukani, yeye humvuta mkono waondoke. Tunasema kikulacho ki nguoni mwako, tukidhani tunasema habari za watu wengine.

Jioni moja kabla ya msimu wa pili kufunguliwa, bunduki zote mbili zilikuwa mezani zikipakwa mafuta. Marlys akatoka kuwalisha farasi. Verlon akafungua kifuniko juu ya darubini ya mkewe, akazungusha nusu mzunguko kile kirekebishio cha kupandisha na kushusha shabaha, akafunika. Alitaka risasi ipite chini ya tumbo la mnyama ipotelee kwenye udongo. Alitaka mkewe akose mara moja tu, naye achekwe. Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa bonde hili analijua, kwamba chini ya kifua cha elki kuna miguu.

Asubuhi dume kubwa likatokeza kwenye uwazi juu ya kijito. Marlys akakaa chini, akaegemeza bunduki kwenye gogo, akatulia, akafyatua. Dume likapiga magoti, likainuka, likakimbilia msituni kwa miguu mitatu.

"Nimemvunja mguu," Marlys akasema, uso umemsawajika. "Verlon, nililenga moyo. Nilikuwa nimetulia kabisa!"

"Hutokea."

"Kwangu haijawahi kutokea."

Walifuata damu hadi mchana, kisha theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Huku kwetu kuna mwiko wa zamani ambao askari wa wanyamapori hakulazimishi kuufuata: ukimwaga damu, kibali chako kimekwisha, umpate mnyama usimpate. Marlys akatoa kisu, akakata tarehe kwenye karatasi ya kibali chake, alama ya kwamba kimetumika, kana kwamba ameua. Mumewe alisimama hatua chache tu kutoka kwake, akitazama theluji.

Siku zilizofuata Marlys alipanda mlimani peke yake kulitafuta lile dume. Aliacha kula vizuri, akaacha na mizaha yake. Hatimaye wakaja dukani kwangu kuniambia nisiwatengee nafasi mwaka ule.

"Na hiyo bunduki naiuza, Oleta," Marlys akasema. "Mkono wangu umeharibika. Mtu asiyelijua kosa lake hafai kushika silaha."

Verlon alikuwa mlangoni ameshika kofia.

"Si mkono wako," akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni mimi. Niligusa darubini yako. Nilitaka ukose tu, Marlys, mara moja, wakucheke na wewe kidogo."

Nilizima msumeno. Marlys alimgeukia, wala hakupaza sauti.

"Kama ulikuwa unaumia hivyo, si ungeniambia? Ningekaa nyumbani mwaka mzima, nikakuachia mlima wote."

"Nisamehe, mke wangu."

"Mimi nimekusamehe, Oleta shahidi. Lakini yule dume anatembea wapi saa hizi, mguu unaning'inia? Kamwombe yeye."

Verlon alikwenda. Kunguru ndio waliomwonyesha mahali dume lilipoangukia, na mbwa mwitu walikuwa wametangulia. Hakuleta pembe wala ngozi. Alirudi akakikata kibali chake mwenyewe, na magnamu yake akaipeleka kwa Haug.

Bado wanaishi pamoja, na watu wasiojua husema nyumba ile imepona. Ila sasa Marlys huwinda na dada yake. Bunduki yake fupi huifungia kabatini, na ufunguo huuvaa shingoni, mchana na usiku. Kila asubuhi Verlon akimpa kahawa, anauona.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kuchagua bunduki ni kama kuchagua maneno: chukua inayokufaa wewe, si ya kumtisha mwenzako. Wivu haumshushi unayemwonea. Hutafuta kilicho karibu, kiwe mnyama asiye na hatia au imani ya mkeo, ukakivunja hicho. Ukiona mafanikio ya mwenzako yanakuchoma, mwambie wakati aibu ya kusema ingali ndogo, maana msamaha unaweza kuupata siku hiyohiyo ukiomba, lakini kuaminiwa tena hakuombwi.