Dakika Moja ya Ukimya

Jumamosi hiyo ujia wa maduka ulifurika watu kiasi kwamba ukiinama kufunga kamba ya kiatu, unakanyagwa. Dada mmoja alijipenyeza mpaka ndani ya duka la santuri, gauni la njano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kimekatika, kompyuta kaikumbatia.

"Kaka, samahani. Naomba umeme."

Mwenye duka aliinua macho. Watu walimwita Sindano, maana yeye tu ndiye aliyebaki anayejua kubadilisha sindano ya gramafoni.

"Umeme wa kufanyia nini?"

"Nimepanga hapo mbele, chini ya ngazi. Nawawekea watu nyimbo kwenye simu. Soketi yangu imekufa."

"Yaani nikupe umeme uniue nao?"

"Nitakuua polepole," akasema huku akicheka. "Hutasikia hata maumivu."

Basi Sindano akawa amekwisha. Alivuta waya mrefu kutoka nyuma ya kaunta, akaupitisha juu ya mlango hadi chini ya ngazi, na waya huo ukakaa hapo miezi minane.

Dada Memori, ndivyo wateja walivyomwita kwa sababu ya kadi zake za memori za kuwekea nyimbo kwenye simu, alikuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Foleni yake ilirefuka. Ya Sindano ilikuwa vumbi tu. Haikuchukua muda wakawa wapenzi, na mchana walikula pamoja juu ya kaunta, wakigombania kijiko.

"Mwanangu," mama yake Sindano alimwambia siku moja, akiitazama ile foleni, "huyo binti anakumaliza, na wewe unamchekea."

"Mama, hata asingekuwepo yeye, wangekwenda kwa mwingine."

"Basi muoe, angalau riziki irudi nyumbani."

Kuoa alitaka. Tatizo lilikuwa mdomo. Sindano angeweza kukueleza bendi gani ilibadilisha mpiga ngoma mwaka gani, lakini kumwambia mwanamke "nakupenda" kulimshinda. Akafanya alichokijua. Alichagua nyimbo kumi na mbili kutoka kwenye santuri za marehemu baba yake, akazirekodi kwenye kanda. Wimbo wa mwisho ulipoisha, akasogeza kipaza sauti karibu, na ujasiri ukamkimbia. Mashine ikazunguka dakika nzima akitafuta pumzi. Ndipo akasema: "Mpenzi, mimi ni mtu wa vitu vya zamani, na sitabadilika. Nataka kuzeeka na wewe. Utakubali nikuoe?"

Alimpa kanda pamoja na kiredio cha kuichezea. "Isikilize yote," akamwambia. "Mpaka mwisho."

Siku ya tatu Dada Memori aliingia dukani akiimba. "Mpenzi wangu, kanda yako tamu! Ule wimbo wa tarumbeta umenitoa machozi."

"Umeisikiliza yote?"

"Yote, mpaka mwisho. Nimeirudia mara nne."

Sindano akasubiri. Dada Memori akachukua kijiko, akaanza kula na kusimulia habari za mteja aliyesahau namba yake ya siri. Alizungumza mpaka chakula kikaisha, na lile jibu halikuja. Sindano aliona ameelewa: mtu mwenye huruma hakatai usoni, anajifanya hakusikia. Moyo ulimuuma kama jino.

Tangu hapo akaanza kula peke yake. Simu akawa anaiangalia ikiita. Siku moja alipokea.

"Nimekukosea nini, jamani?"

"Hujanikosea."

"Una mwingine?"

"Nina kazi," akasema Sindano, katika duka lisilo na mteja hata mmoja.

Mwisho wa mwezi Dada Memori alichomoa waya, akaukunja vizuri, akauweka mlangoni pa duka na kuhama.

Mwaka ukapita. Watu wakaacha hata kadi. Nyimbo zote za dunia zikawa zinaingia kwenye simu moja kwa moja kutoka intaneti. Siku ambayo Sindano alikuwa akipakia santuri kwenye maboksi ili ampishe muuza makava ya simu, Dada Memori alisimama mlangoni, nywele kasukia nyuma, pete kidoleni.

"Nimesikia unafunga. Nikaona nije."

"Hongera," akasema Sindano, macho kwenye pete.

"Nafunga ndoa wiki ijayo." Alikaa juu ya boksi. "Kwa nini uliniacha?"

"Mimi? Nilikuomba nikuoe, ukanyamaza!"

"Uliniomba lini?"

"Kwenye kanda. Baada ya nyimbo. Ulisema ulisikiliza mpaka mwisho."

Dada Memori aliinuka, akakaa tena. Uso ulimbadilika kabisa.

"Niliihamishia kwenye simu kupitia kompyuta," akasema taratibu. "Niisikilize njiani. Muziki ukiisha, mstari wa sauti kwenye skrini unalala. Ukishalala, nakata kinachobaki. Nyimbo zote ndivyo ninavyozifanya. Sikujua kuna kitu mbele." Akaanza kulia. "Nimekukata kwa mkono wangu."

Sindano alipiga magoti mbele yake kati ya maboksi. Alitaka kumshika mikono, akaiona ile pete, akaishia kushika kingo za boksi.

"Ungenijibu nini?"

"Sema kwanza. Kwa mdomo. Nisije nikafa sijawahi kukusikia."

Akasema. Maneno yote, bila kutafuta pumzi.

"Ndiyo," akajibu Dada Memori. Alifuta macho kwa viganja. "Hiyo 'ndiyo' ni ya mwaka jana. Ni yako, kaa nayo. Lakini kuna mtu ananingoja nyumbani kwa shangazi, na hajanikosea chochote."

"Najua."

"Usije harusini."

"Siji."

Alimsikiliza akiipita ile ngazi mpaka viatu vikapotea katika kelele za watu. Kisha akajifungia, akalia kwa sauti kama mtoto. Muuza makava alipogonga, ilibidi aombwe arudi kesho.